Mashujaa wa Laini ya Tatu

Pasi alitaka shujaa wake aruke angani, atoe radi machoni, asife, asizeeke, na asiwe na kitambi. Hilo la kitambi alilirudia.

"Kaka," Mfuko alimwandikia, "unaomba shujaa au unaomba mwili mpya?"

Kundi zima likacheka, vile watu wanavyocheka kwenye simu, vikatuni vya kucheka mpaka machozi vikashuka kama mvua. Mfuko mwenyewe hakucheka. Alikuwa amekaa barazani kwake nyuma ya cherehani, mguu kwenye pedeli, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, na kichwani amebeba mji mzima ambao bado haujajengwa.

Tuwajue kwanza watu hawa tusije tukachanganyikiwa mbele. Wote walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mashati, laini ya tatu, ile iliyopakana na mlango wa choo. Ndiyo maana walijua siri za laini zote. Kiwandani humo hukuitwa jina ulilopewa na mama yako. Uliitwa kwa kipande unachoshona. Aliyekata vitambaa alikuwa Mkasi. Aliyeshona mifuko ya kifuani ndiye Mfuko, na jina likamganda kwa sababu nyingine pia: ukimwambia jambo linaingia, na halitoki mpaka alitafute mwenyewe. Aliyepachika kola ni Kola. Kifungo, mama wa mapacha, ndiye aliyekuwa mdogo wao. Na Pasi, mwanaume pekee, alinyoosha na kukunja, na kwa kuwa shati lilimalizikia mikononi mwake, alijiona ndiye aliyelishona.

Kiwanda kilifungwa, mashine zikabebwa, watu wakatawanyika kila mmoja na mji wake. Kilichobaki ni kundi la simu lililoitwa Laini ya Tatu, nalo, tuseme ukweli, lilikuwa limekufa macho wazi. Asubuhi maua, jioni maua, katikati tangazo la dawa ya magoti.

Mchezo Mfuko aliutoa kwa binti yake, nesi, aliyekuwa akiucheza na wenzake wakati wa mapumziko. Hakuna picha, hakuna sauti. Kila mtu anabuni shujaa wake mwenye nguvu za ajabu, kisha wanaandikiana: huyu anaandika shujaa wake amefanya hivi, yule anajibu kwa shujaa wake, na hadithi inasonga. Mmoja anakuwa mwendeshaji. Huyo ndiye anayejenga mji, kuleta balaa na kuamua nani anafika wapi.

"Ni uongo wa kupanga tu, mama," binti alimwambia.

"Uongo wa kupanga? Huo ndio ujana wangu wote," Mfuko akajibu. "Hebu nifundishe."

Kwa sababu kiwandani, mashine zikivuma usisikie hata jirani yako akipiga chafya, Kola alikuwa na hadithi. Hadithi zake zilikuwa na wachawi wenye deni la kodi ya nyumba na majini yanayoogopa wake zao. Watu waliingia kazini wameshika tama, wakatoka wameshika mbavu. Sasa Kola alikuwa mji wa mbali, kwa mwanawe, ghorofani. Vidole vilikuwa vimekakamaa, sindano haishikiki. Mkwe wake alikuwa mtu mwema, lakini anatoka alfajiri na kurudi jioni. Ukimpigia, Kola husema, "Mimi sasa ni mtu wa dirishani, mwenzangu. Natazama nguo za watu kwenye kamba."  Yule Kola aliyeweza kumsema msimamizi mpaka akasahau alichokuja kufokea, sasa anasema maneno ya kukopeshwa.

Mfuko alikaa kiti cha pili na mwanamke huyo tangu wote wawili hawajaota mvi. Alimtaka Kola wake arudi, na ulimi wake uleule. Mashujaa, miji, balaa, hayo yote yalikuwa mapambo.

Basi wakapanga. Mkasi akabuni Malkia Chuma, ngozi haipenywi na risasi. Kifungo akamleta Dada Umeme, anayejua kesho kutatokea nini, na bado ana muda wa kujipodoa. Pasi akakataa katakata kumpunguza wake. Akamwita Mfalme wa Radi. Kola naye aliombwa abuni, akaandika neno moja tu, "Nafikiri." Mfuko akalifurahia neno hilo kama mtu aliyeona moshi kwenye nyumba aliyodhani imehamwa.

Jumapili mchana wakajaribu. Mfuko aliandika kwamba daraja kuu la mji linakatika, juu yake kuna basi limejaa watu, chini mto umefura. Aliisoma, akaiona nzuri, akaituma.

Hajameza mate, Pasi yupo: "Mfalme wa Radi anashuka, ananyanyua basi kwa kidole, anaokoa wote."

"Malkia Chuma alifika kabla yako," Mkasi akaandika. "Ameokoa wote."

"Mmechelewa nyote," akaja Kifungo. "Dada Umeme alijua tangu jana. Amejenga daraja jipya, na yule dereva ameshamfukuza kazi."

"Huwezi kuokoa watu niliowaokoa mimi!"

"Uliwaandika jina?"

Abiria wa basi lile waliokolewa mpaka wakachoka. Mto ulikauka, ukajaa, ukakauka tena. Pasi, alipoona anazidiwa, akaokoa na sayari ya jirani, ambayo hakuna aliyemwambia ina shida. Walikuwa wameshafika kwenye kugombea nishani ilipoteremka sentensi ndogo ya Kola: "Ndani ya basi kulikuwa na bibi mmoja, naye akafungua"

Ikaishia hapo. Nishani ya Pasi ikaifunika. Mfuko akaandika haraka, "Ngojeni, Kola anasema!" Alipoinua macho kutazama jibu akakuta yale maandishi ya kijivu ambayo simu huyaandika yenyewe, bila huruma: Kola ametoka kwenye kundi.

Akapiga simu. Kola alipokea baada ya mlio mrefu.

"Rudi, mama. Nitawatia adabu."

"Uwatie adabu kwa kosa gani? Wao wana vidole. Mimi ninacho kimoja kinachotii, vingine vimegoma. Nikiitafuta herufi, nyinyi mmeshaiokoa dunia na kugawana vyeo."

"Nitawaambia wapunguze mwendo wakusubiri."

"Wapunguze mwendo kama wanasindikiza jeneza? Sitaki kuhurumiwa, Mfuko. Chezeni." Akakata.

Huyo ndiye Kola. Ungemnyima chakula angekusamehe. Ukimwonea huruma umemtukana.

Kwenye kundi Pasi alikuwa ameshapata dawa. "Nafasi yake tumpe binamu yangu. Kijana ana kasi, anaandika kwa vidole vyote."

"Binamu yako aliwahi kupachika kola lini?" Mfuko akauliza.

"Dada, hapa hakuna kola ya kupachika. Huu ni mchezo."

Mkasi akasema mtu halazimishwi kufurahi. Kifungo akasema yeye hana neno, lakini mapacha wanalala Jumamosi mchana tu, kwa hiyo kama ni kuanza waanze. Wakakubaliana: mchezo wenyewe Jumamosi. Kola akiwa hajarudi, binamu anaingia. Mfuko akaandika "Sawa" na kuiweka simu kifudifudi, kwa sababu ile sawa haikuwa sawa hata kidogo.

Katikati ya wiki akaja kinyozi wa ng'ambo ya barabara na kitambaa cha bluu mkononi. Dada yake anaolewa, anataka shati jipya.

"Wewe si wa kiwanda cha mashati?" akasema. "Nimekuletea kazi ya nyumbani kwako."

Mfuko akachukua vipimo kwa mbwembwe zote. Na hapo ndipo palipo na kichekesho, ambacho hakuwahi kumweleza mtu barazani pale, kwani kazi zake zilikuwa kupunguza suruali na kutia viraka. Mwanamke huyu maisha yake yote alikuwa kwenye kiwanda cha mashati, na hajawahi kushona shati. Alishona mifuko. Mifuko ya kifuani, iliyonyooka kama imechorwa, hata amefumba macho. Kabla ya mfuko ni kazi ya wengine, na baada ya mfuko ni kazi ya wengine.

Kukata alijikongoja. Mikono ya shati ikakubali kwa matusi. Mfuko wa kifuani, usiulize. Ungeukata ukautia kwenye fremu. Lakini kola! Upande mmoja ulipanda, mwingine ukashuka. Akafumua, akashona tena, ikajikunja kama sikio la mbwa anayesikiliza. Alipoivaa mwenyewe mbele ya kioo, ilionekana shingo yake imekosana na kichwa.

Akalitupia shati jicho la chuki. Akampigia Kola.

"Sikupigii mambo ya mchezo," akaanza. "Nina shati la mtu hapa na kola imenishinda."

 Ikaja ile sauti, ile aliyokuwa ameikosa muda mrefu: "Umeanzia wapi kuibana kwa pini?"

"Pembeni, upande wa kushoto."

"Pembeni! Mungu wangu. Miaka yote umekaa jirani yangu, ulikuwa unatazama nini? Wanaume wa stoo?"

"Mmoja tu, na alihamishwa."

"Fumua. Yote, usinifichie kipande. Sasa tafuta katikati ya mgongo wa shati na katikati ya kola. Hapo ndipo unapobana kwanza. Unatoka katikati unakwenda pembeni, upande huu, halafu ule. Shingo ni duara, mama. Duara hulianzi kwenye ncha. Na ukingo wa mshono uchane kidogo kidogo kwa mkasi, kitambaa kipate pa kupindia. Usiufikie uzi! Umeufikia uzi?"

"Sijaufikia."

"Nimesikia umeufikia."

Walikaa hivyo, simu kwenye kopo la vifungo, mmoja anashona, mwingine anafoka, na mchana ukapita hawana habari nao. Kola iliposimama, imesimama hasa, pembe mbili sawasawa, Mfuko akajikuta anasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali:

"Kola. Hivi wewe umewahi kushona shati zima?"

"Mimi? Sina hata haja. Kifungo ndiye alijua vifungo."

"Wala mimi. Wala Pasi, na majivuno yake yote. Hakuna kati yetu aliyewahi kushona shati." Akasimama, uzi ukadondoka mapajani. "Na hadithi zako je? Wewe hukuzimaliza hata moja! Ulikuwa unampa Kifungo shati na maneno mawili, Kifungo anatia lake, inafika kwa Pasi ndiyo inaisha. Mkasi akianza asubuhi, inapita kwangu, inakuja kwako. Tulikuwa tunaipitisha, mwanamke wewe! Kipande kwa kipande!"

"Sasa?"

"Sasa mle kwenye mchezo kila mpumbavu anashona shati zima peke yake. Ndiyo maana halivaliki. Na wewe, tulikuwa tunakusubiri kwa huruma kiwandani?"

"Huruma? Mlikuwa mnanisubiri kwa sababu bila kola shati halitoki."

Kola akalisikia alilolisema. Mfuko akamwacha alisikie vizuri.

"Nimekuwekea shujaa," Mfuko akasema baadaye. "Ana mikono ya kuponya."

"Mikono ya kuponya! Na hii yangu ataiponya nani? Achana naye huyo, ni mchovu. Nikija, nakuja na wangu." Akakata simu, lakini safari hii alikata kama mtu aliyekumbuka ana kazi jikoni. Jioni simu ikaandika yenyewe, tena bila kuomba hata chai: Kola amejiunga na kundi.

Mfuko hakumpa mtu nafasi ya kupumua. Akatangaza sheria. Kila shujaa ana uwezo mmoja, mmoja tu. Unaandika kipande chako kikikufikia, si kabla. Hairuhusiwi kumaliza, unaacha ukingo wazi wa mwenzako kushikia. Na mpangilio ni wa laini: Mkasi, Mfuko, Kola, Kifungo, Pasi.

Pasi akawaka. "Uwezo mmoja? Na radi yangu?"

"Wewe ulikuwa unafanya nini kiwandani, kaka?"

"Nilikuwa napiga pasi."

"Basi kuwa mvuke. Unapenya chini ya milango, unanyoosha kilichopinda. Na mvuke hauna kitambi."

 "Aitwe Bwana Mvuke," Pasi akaandika. Alikuwa ameshapenda, ila hakutaka kuonekana. Mkasi akawa Bibi Mpasuo, anayekata chochote kwa vidole viwili. Kifungo akawa mwanamke anayeweza kufunga lolote lililo wazi, mlango au mdomo. Mfuko mwenyewe akavaa shujaa mwenye kibindo kisichojaa, kinachomeza ngazi, magari na watu na kuwatoa wazima.

Alikosekana adui. Mfuko akampigia msimamizi wao wa zamani, aliyekuwa kundini muda wote akisoma kimyakimya kama jini wa chupa.

"Bosi, nataka uwe mtu mbaya."

"Mbaya kiasi gani?"

"Kama ulivyokuwa siku za mzigo wa kusafirishwa."

"Ah," akasema bosi, na sauti ikamchangamka. "Hiyo naiweza."

Jumamosi mchana bosi akafungua. Bwana Kengele amepanda mnara wa mji na kengele kubwa kuliko nyumba. Akiigonga, kila aisikiaye hawezi tena kukiachia kilicho mkononi mwake. Ameshaigonga mara moja: mama ameganda na ndoo, karani ameganda na mhuri, kinyozi ameganda na ndevu za mteja. Akiigonga tena, wataganda hivyo maisha. "Na hakuna kwenda chooni," bosi akamalizia, na kundi zima nywele zikawasimama kwa kumbukumbu.

Bibi Mpasuo akakata lango la mnara, likaanguka vipande viwili. Ndani, ngazi zimeondolewa. Akaachia hapo. Mfuko akatoa kwenye kibindo chake ngazi ya kuzimia moto, akaisimamisha. Lakini juu kabisa Bwana Kengele ameshainua nyundo, na nyundo imeanza kushuka. Akaachia hapo.

Zamu ya Kola.

Juu ya kioo cha simu pakatokea neno: anaandika. Likakaa. Likapotea, likarudi. Kinyozi akafika barazani kuchukua shati lake, akafungua kinywa.

"Kaa," Mfuko akamwambia bila kumtazama. "Nyundo iko hewani."

Kinyozi akakaa. Hakuelewa, lakini kuna sauti ambazo mtu hakai kuzihoji.

Anaandika. Moyo wa Mfuko ulipiga mbio kuliko cherehani. Alimwona Kola kule dirishani, kile kidole kimoja kinachotii kikitafuta herufi, na alijua kwamba mmoja wao akiruka sasa, akiokoa hata paka, mwanamke yule harudi tena. Bosi akashindwa kujizuia: "Muda unakwenda!"

Na nani akamjibu? Pasi. Pasi wa binamu mwenye vidole vyote.

"Bosi, nyamaza. Kola haijafika. Unataka nikunje shati halina shingo?"

Mfuko akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha bluu, akajidai ni jasho. Ndipo ikateremka.

"Bibi Taratibu akaingia mnarani. Uwezo wake ni huu: popote alipo, kila kitu kinakwenda mwendo wake. Naye ana magoti mabaya. Akashika ngazi, akapanda, akapumzika, akapanda. Nyundo ikaning'inia hewani kama shuka kwenye kamba. Jasho la Bwana Kengele likakaa kwenye pua halianguki. Bibi akafika juu, akarekebisha kilemba, akamtoa nyundo mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko. Akamwambia, Mwanangu, ulisema muda unakwenda? Unakwenda ninapoenda mimi. Lakini kengele yenyewe ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na mlio mwingine unaotaka kutoka. Kifungo, njoo."

 Kundi likalipuka. Mkasi alituma makofi mpaka simu ya Mfuko ikakwama. Kifungo akaandika kwamba amepiga yowe, mapacha wameamka, na hajali. Bosi, mtu mbaya mwenyewe, aliyetolewa nyundo mbele za watu, akaandika: "Nakubali. Hii ni kazi safi." Wote waliofanya kazi laini ya tatu wanajua kwamba mtu yule hajawahi kumwambia mtu maneno hayo.

Kifungo akaufunga ufa, mlio ukafia ndani, na nguvu za kengele zikaisha. Bwana Mvuke akapenya ndani ya kengele, akamnyoosha yule adui aliyekuwa amejificha humo, amejikunja kwa aibu, akamteremsha chini amekunjwa vizuri, mikono nyuma, tayari kwa sanduku. Mama akaweka ndoo chini. Karani akaachia mhuri. Mji mzima ukakunjua vidole, na hakuna hata mmoja aliyesema ameuokoa peke yake. Hata Pasi. Aliandika tu, "Tumetoa," neno walilokuwa wakilisema shati la mwisho la siku likiingia sandukuni.

Kinyozi aliruhusiwa kuvaa shati lake. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akageuza shingo huku na huku. Kola ilimkaa kama imezaliwa naye.

"Mama, una mkono," akasema.

"Mfuko ndio wangu," akasema Mfuko. "Hiyo shingoni imetoka mji mwingine. Ukipita harusini, tembea taratibu watu waione."

Akarudi kwenye kiti, akiwa na nia ya kupumzisha mgongo angalau kwa urefu wa kikombe cha chai. Hakupewa. Simu ikatikisika kwenye kopo, vifungo vikacheza, na kwenye kioo palikuwa na maneno ya Kola, yameandikwa kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, na kila herufi imeweka mkono kiunoni:

"Mfuko, Mkasi, mmelala? Nimekaa hapa mikono mitupu. Kipande changu kiko wapi?"